Sura ya Marehemu Kwenye Pesa: Somo Kutoka Roma ya Kale

Leo tunaweka simu kando kidogo tuanze na sarafu ya kushikwa mkononi. Kama una shilingi kumi ya mwaka 2005 kwenye kibeti au kwenye ule mkebe wa sarafu nyumbani, hebu itoe uiangalie. Sura iliyo juu yake ni ya Mzee Jomo Kenyatta. Mzee alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Yaani sarafu hiyo ilipigwa miaka 27 baada yake, na mama mboga anaipokea bila kuuliza swali lolote.

Mbona serikali iweke sura ya marehemu kwenye pesa? Nani anafaidika? Na je, sura hiyo inaongeza kitu chochote kwa thamani ya pesa yenyewe? Watu waliocheza mchezo huu kwa muda mrefu kabisa ni Waroma. Kwa karibu miaka 380 walipiga sarafu za watawala waliokufa, na ukizifuatilia utaona mambo ambayo sisi wa pesa za simu tunakutana nayo kila siku: wosia, majina makubwa, wakora, hata wizi wa wafanyakazi wa ndani.

Neno moja kabla hatujaendelea. Dinari, hilo neno tunalolisoma kwenye Biblia na kulisikia kwenye pesa za Kuwait, asili yake ni sarafu ya fedha ya Waroma iliyoitwa denarius. Lilipita kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, likatufikia. Dinari moja ilikuwa sawa na sesterti nne. Wakati wa Augustus, askari wa kawaida alilipwa dinari 225 kwa mwaka. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji.

Kijana na jina la baba

Julius Caesar alidungwa visu na maseneta tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Miezi michache kabla ya hapo sura yake ilikuwa imeanza kutokea kwenye dinari zilizopigwa Roma, naye akiwa bado hai, jambo ambalo halikuwa desturi kabisa kule. Wosia ulipofunguliwa, ikaonekana amemfanya mjukuu wa dada yake kuwa mwanawe na mrithi mkuu. Huyu ni Octavian, kijana wa miaka 18. Wosia huo pia uliachia kila mwananchi wa jiji la Roma sesterti 300, yaani dinari 75, theluthi ya mshahara wa askari kwa mwaka mzima.

Shida ni kwamba Mark Antony alikuwa ameshika mali ya marehemu na akawa anazungusha watu. Octavian akauza mali yake, akakopa kwa jamaa, akaanza kuwalipa wananchi. Familia nyingi hapa kwetu zinaijua hadithi ya aina hii bila kufika Roma.

Mwezi Julai mwaka huohuo, Octavian alipokuwa akifanya michezo ya kumkumbuka Caesar, nyota yenye mkia ikaonekana angani kwa siku kadhaa. Watu wakasema ile ni roho ya Caesar inapaa. Januari mwaka 42 KK Seneti ikapitisha kwamba Caesar sasa ni divus, maana yake binadamu aliyekufa akafanywa mungu. Kuanzia hapo Octavian akawa na cheo ambacho hakuna mpinzani angeweza kukipata: divi filius, mwana wa aliyefanywa mungu.

Karibu mwaka 38 KK akatoa sarafu za shaba. Upande mmoja kichwa chake na maandishi CAESAR DIVI F. Upande wa pili kichwa cha Caesar na maandishi DIVOS IVLIVS. Antony alikuwa na majeshi, alikuwa na jina la vita, lakini baba yake alikuwa Mroma wa kawaida tu aliyekufa akazikwa. Unaona kazi ya sarafu ile? Yule aliyekufa ndiye anaonekana kuheshimiwa, lakini anayeuza sera ni aliye hai.

Tutue hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa. Mtu anapofariki na kuacha pesa kwenye laini yake, si mara moja wala mbili tunaona familia ikiendelea kutumia ile simu kwa PIN ya marehemu. Mmoja anatoa kidogo kidogo, mwingine anakopea jina la marehemu, wengine hawajui hata kuna pesa. Halafu ugomvi unaanza baada ya matanga. Laini ni ya mtu aliyesajiliwa, na jina lake likiendelea kutuma na kukopa akiwa kaburini, deni na lawama zitaangukia wale waliobaki. Nendeni kwenye ofisi ya huduma kwa wateja ya kampuni husika mkiwa na cheti cha kifo, kitambulisho cha anayefuatilia, na karatasi za urithi kutoka mahakamani pale zinapohitajika. Pesa italipwa kwa mrithi kihalali, na kutakuwa na rekodi ambayo hata shemeji mkorofi hawezi kuipinga.

Turudi Roma.

Shahidi aliyelipwa

Octavian ndiye baadaye akaitwa Augustus, Kaisari wa kwanza. Alifariki tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK, na tarehe 17 Septemba Seneti ikamtangaza kuwa mungu. Mwandishi Cassius Dio anasimulia kwamba seneta mmoja, Numerius Atticus, aliapa kuwa alimwona Augustus kwa macho yake akipaa mbinguni. Livia, mjane wa marehemu, akampa sesterti milioni moja. Piga hesabu: kwa askari wa kawaida huo ni mshahara wa zaidi ya miaka 1,100. Sisi tunaona ushahidi huo ulikuwa na bei nzuri sana.

Mrithi wake Tiberius alikuwa mtoto wa Livia wa ndoa ya awali, na Augustus alikuwa amemchukua kuwa mwanawe. Hivyo kila aliyemkumbuka baba kuwa mungu alimkumbuka na mwana. Tiberius akatoa sarafu nyingi za shaba zenye maandishi DIVVS AVGVSTVS PATER, yaani Augustus aliyefanywa mungu, baba. Kichwani Augustus amevaa taji la miale ya jua, ambalo Kaisari aliye hai hakuwa amelizoea wakati ule. Nyuma kuna madhabahu, au tai, au radi. Kwenye nyingine kuna gari linalovutwa na ndovu wanne likiwa limebeba sanamu ya marehemu.

Alama hizi zikawa kama lugha. Mkulima wa Gaul au askari wa Syria asiyejua kusoma Kilatini aliweza kuitambua sarafu ya marehemu kwa kuangalia tu. Tai ndiye anayebeba roho kwenda juu. Madhabahu ni pa kumtolea sadaka. Baadaye likaongezeka jukwaa la kuni lenye ghorofa kadhaa, lile la kuteketezea maiti, na neno CONSECRATIO, maana yake tendo la kumtakasa na kumfanya mungu. Mwandishi Herodian ameeleza jinsi mazishi hayo yalivyofanyika: sanamu ya nta ya marehemu inalazwa kitandani kama mgonjwa, kisha inapandishwa kwenye jukwaa, moto unawashwa, na tai anaachiliwa kutoka juu kabisa.

Si kila aliyekufa alipata heshima hii. Caligula aliuawa mwaka 41, na Dio anasema Seneti ikaamuru sarafu zake za shaba ziyeyushwe. Nero hakupata. Domitian hakupata, jina lake lilichongwa likaondolewa kwenye majengo. Kaisari mmoja alijua vizuri mchezo wenyewe: Vespasian, mtu wa mizaha, alipougua mwaka 79 alisema kwa utani kwamba sasa anajihisi anaanza kugeuka mungu. Kwenye mazishi yake mchekeshaji aliyemwigiza aliuliza gharama ni ngapi. Akaambiwa sesterti milioni kumi. Akajibu, kwa sauti ya marehemu, wampe laki moja tu kisha wamtupe mtoni Tiber. Sarafu za DIVVS VESPASIANVS zilitoka hata hivyo, kwa amri ya mwanawe Titus.

Trajan alipofariki mwaka 117 mbali na Roma, kulikuwa na minong'ono kwamba hakumchagua Hadrian, kwamba mjane wake Plotina ndiye aliyepanga mambo. Sarafu za kwanza za Hadrian zinamtaja Trajan, zinataja kuchukuliwa kuwa mwana, na kuna ya dhahabu yenye ndege feniksi, yule anayezaliwa upya kutoka kwenye majivu yake. Ukiona mtu anasisitiza sana baba yake ni nani, uliza kwa nini.

Faustina

Kuna sarafu za aina hii ambazo tunazipenda kuliko nyingine zote, na si za mwanamume. Mwaka 140 alifariki Faustina, mke wa Kaisari Antoninus Pius. Seneti ikampa heshima ya diva. Antoninus akaishi miaka mingine 20 na zaidi bila kuoa tena, na muda huo wote viwanda vya Roma viliendelea kupiga sarafu za mke wake: za dhahabu, za fedha, za shaba. Nyingi zina neno AETERNITAS, umilele. Nyingine zina kiti kitupu, au tausi, ndege wa mungu wa kike Juno. Leo ni miongoni mwa sarafu za Kiroma zinazopatikana kwa wingi, na anayekusanya vitu vya kale huanza nazo kwa sababu hazimfilisi.

Angalia ile yenye maandishi PVELLAE FAVSTINIANAE, wasichana wa Faustina. Inaonyesha watoto wa kike wakiletwa kwa Kaisari. Antoninus alianzisha mfuko wa kuwalea wasichana wasiojiweza, akauita kwa jina la mkewe. Hapa jina la marehemu linasimamia kitu kinachoonekana: chakula kwenye sahani ya mtoto. Pia alimjengea hekalu katikati ya Roma. Nguzo zake bado zimesimama, na ndani yake sasa kuna kanisa la San Lorenzo in Miranda.

Hatusemi Antoninus hakuwa na siasa. Binti yao alikuwa ameposwa na mrithi wa kiti, kwa hiyo kumtukuza mama kulimwinua na binti. Lakini miaka 20 ni mingi. Propaganda ya kawaida huchoka mapema.

Fedha inapungua, majina yanaongezeka

Kiswahili kina jambo zuri hapa: fedha ni madini na fedha ni pesa. Kwa Mroma vitu hivi viwili vilikuwa kitu kimoja. Dinari ilikubalika kwa sababu ndani yake kulikuwa na fedha. Nero alipunguza uzito na usafi wake mwaka 64. Waliofuata wakaendelea kupunguza, hasa askari walipodai mishahara mikubwa. Chini ya Septimius Severus, dinari ilikuwa na fedha karibu nusu tu. Mwanawe Caracalla akaanzisha mwaka 215 sarafu mpya ambayo wataalamu wengi wanaamini ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ilhali fedha iliyokuwa ndani ilitosha dinari moja na nusu hivi. Ni kama duka likuuzie pakiti ya unga iliyoandikwa kilo mbili na ndani kuna kilo moja na nusu.

Severus mwenyewe alikuwa bingwa wa kutumia marehemu. Alishika madaraka kwa vita, hakuwa na ukoo wa kifalme, basi akajitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, aliyekuwa ameshakufa miaka 15 nyuma. Seneta mmoja akampongeza kwa kejeli kwamba hatimaye amepata baba. Na kwa kuwa Marcus alikuwa na mtoto aitwaye Commodus, mtawala aliyechukiwa hadi akanyongwa, Severus akamfanya Commodus naye kuwa mungu. Huwezi kuwa na kaka aliyelaaniwa.

Halafu akaja Decius, aliyetawala kuanzia 249 hadi 251. Hali ilikuwa mbaya: mipaka inavunjwa, hazina imekauka, na yeye mwenyewe alipata kiti kwa kumshinda mtangulizi wake vitani. Katika miaka ile zilitoka sarafu za watawala 11 waliofanywa miungu, kwa pamoja, kama albamu: Augustus, Vespasian, Titus, Nerva, Trajan, Hadrian, Antoninus, Marcus Aurelius, Commodus, Severus na Severus Alexander. Wote wameandikwa DIVO, wote nyuma wana CONSECRATIO na tai au madhabahu. Augustus alikuwa amekufa zaidi ya miaka 230 iliyopita.

Hawa watu 11 walikuwa wanaambia mfanyabiashara: Roma ni ileile, pokea. Lakini fedha iliyokuwa ndani ya sarafu hizo haikufika nusu ya uzito wake. Na nyingine za wakati ule zilipigwa juu ya dinari za zamani: wanachukua dinari moja yenye fedha nzuri, wanaigonga muhuri mpya, inatoka ikiitwa mbili. Mwaka 251 Decius akauawa kwenye vita dhidi ya Wagothi.

Marehemu aliyependwa na wakora

Kaisari Claudius wa Pili alifariki kwa tauni mwaka 270, baada ya kuwashinda Wagothi. Watu walimpenda. Sarafu zake za ukumbusho, DIVO CLAVDIO, zilitoka kwa wingi mno. Kwa wakati huo sarafu hii haikuwa tena na fedha ya maana, chini ya asilimia 5, iliyobaki shaba iliyopakwa ngozi nyembamba ya kung'aa.

Na hapo ndipo wash wash ya Roma ilipopata bidhaa yake. Sarafu bandia za DIVO CLAVDIO zimechimbuliwa Uingereza, Ufaransa, Italia na Afrika Kaskazini. Nyingine ni ndogo kama ukucha, maandishi yamekosewa, tai anafanana na kuku. Kwa nini huyu hasa? Tunaona sababu zilikuwa kama hizi za leo. Maandishi ni mafupi, mchoro wa nyuma ni rahisi, watu wamezoea kuiona, na hakuna fedha ndani kwa hiyo bandia na halisi hazitofautiani sana mkononi. Anayeghushi hachagui kitu kigumu. Anachagua kile ambacho jicho lako limekizoea hadi limeacha kukikagua.

Ndiyo maana meseji ya uwongo ya kupokea pesa huiga ile unayoipata kila siku, neno kwa neno, hadi namba ya muamala. Muuza duka anaisoma kwa haraka, anaona jina la kampuni, anatoa bidhaa. Meseji ni sura tu. Pesa iko kwenye salio. Kabla hujampa mteja unga wake, fungua menyu ya simu yako mwenyewe ucheki salio, hata kama foleni imefika barabarani na mteja analalamika kuwa unamshuku. Na anayekupigia akisema ametuma kimakosa, umrudishie haraka, mwambie apitie kwa kampuni. Sisi tuna njia ya kurudisha muamala uliokosewa.

Wizi mwingine ulikuwa ndani kwa ndani. Aurelian alipochukua kiti, wafanyakazi wa kiwanda cha sarafu cha Roma wakaasi karibu mwaka 271 chini ya ofisa wa hazina aitwaye Felicissimus. Walikuwa wanashtakiwa kuharibu sarafu. Waandishi wa kale wanasema askari 7,000 walikufa kuuzima uasi huo. Mwaka 274 Aurelian akaleta sarafu mpya, kubwa kidogo na safi kidogo, nyingi zikiwa na alama XXI chini yake, ambayo wengi wanaisoma kuwa sehemu 20 za shaba kwa 1 ya fedha. Alitaka watu walete zile mbovu wapewe mpya. Sisi Wakenya tunaelewa: mwaka 2019 tulipewa hadi tarehe 30 Septemba kurudisha noti za zamani za elfu moja, na zilizobaki kwenye magodoro zikawa karatasi.

Kwa suala la sura, Katiba yetu ya 2010 ilishaamua. Kifungu cha 231 kinasema noti na sarafu zinaweza kuonyesha Kenya au sehemu yake, lakini zisiwe na picha ya mtu yeyote. Sarafu mpya za Desemba 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za 2019 zikaja na jengo la KICC, na sanamu ya Mzee ikiwa imesimama mbele yake. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu kupinga, ikatupwa. Watu wa kale wangecheka. Hata ukimtoa marehemu mlangoni, ana njia ya kurudi.

Wa mwisho

Constantine aliupenda sana mchezo huu. Mwaka 310 ikatangazwa kwamba yeye ni wa ukoo wa yule Claudius wa Pili, habari ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Mwaka huohuo baba mkwe wake, Maximian, alimwasi, akashindwa, akalazimishwa kujinyonga. Kisha karibu mwaka 317 Constantine akatoa sarafu ndogo za shaba za kuwakumbuka marehemu watatu: Claudius, baba yake Constantius, na Maximian yuleyule. Maandishi ya nyuma yanazungumzia pumziko la watu bora wanaostahili.

Yeye mwenyewe alifariki tarehe 22 Mei 337. Wanawe watatu wakatoa sarafu ya shaba ya gramu mbili hivi au pungufu, nyingine zikapigwa Alexandria, huku Afrika. Constantine amefunikwa kichwa kwa kitambaa. Nyuma amepanda gari la farasi wanne kuelekea juu, na kutoka mbinguni unanyoshwa mkono kumpokea. Tai hayupo, madhabahu hayapo, kwa kuwa alikuwa amebatizwa muda mfupi kabla ya kufa. Lakini maandishi bado yanaanza na DV, kifupi cha divus, na yanaishia PT AVGG: baba wa Makaisari. Kiangazi hicho askari waliwaua baba wadogo na binamu wa hao wana, ili asibaki mwingine wa kudai urithi. Miaka mitatu baadaye mkubwa wao, Constantine wa Pili, akavamia eneo la mdogo wake Constans, akauawa huko Italia ya Kaskazini.